WITCH ya Zambia: ilizimwa na kuondoka kwa Jagari, au na bei ya shaba?

Mwana wa Reli (Mbeya) anauliza:

Ndugu zangu wapenzi wa muziki wa zamani, nawasalimu.

Marehemu baba yangu alifanya kazi katika reli ya TAZARA tangu treni zilipoanza kupita, na kila aliporejea Mbeya kutoka Kapiri Mposhi hakuja mikono mitupu: mara blanketi, mara betri za redio, na mara chache santuri. Mwezi uliopita tulifungua sanduku lake, nami nikakuta jalada la albamu ya "Lazy Bones!!" ya bendi ya WITCH, iliyotoka mwaka 1975. Jalada lilikuwa tupu. Kwa kuwa jalada haliimbi, niliitafuta albamu yenyewe mtandaoni, nikaisikiliza mara tatu mfululizo usiku ule ule. Nilitarajia rumba, au kalindula, au kitu kilicho jirani na dansi letu la wakati huo. Nilichokuta ni gitaa la umeme linalonguruma na kukwaruza kama msumeno wa mbao mbichi, dramu zinazopigwa kana kwamba mpigaji anadaiwa, na kijana anayeimba kwa Kiingereza bila dalili yoyote ya kumwogopa mtu.

Nimesoma hapa na pale kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa bendi iliyopendwa kuliko zote Zambia katika miaka ya 1970, na kwamba ilizimika baada ya mwimbaji wake, Emmanuel Chanda aliyeitwa Jagari, kuiacha mnamo mwaka 1977 na kwenda kwenye ualimu. Hapo ndipo ninapokwama. Kwetu, mwimbaji Muhidin Gurumo aliondoka bendi ya Msondo akaenda Mlimani Park, baadaye akaenda Orchestra Safari Sound, na Msondo haikufa. Alipochoka kuzunguka alirudi akaikuta ipo. Je, bendi kubwa kuliko zote nchini inawezaje kufa kwa kuondokewa na mtu mmoja? Au kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wanalipita haraka? Naomba wenye kufahamu wanisaidie, na kama kuna mpangilio mzuri wa kusikiliza albamu zao, naomba pia niupate.

Santuri Kuukuu (Nairobi) anajibu:

Ndugu Mwana wa Reli, pole kwa kuondokewa na mzee, na pole kidogo pia kwa jalada tupu, kwa sababu sisi wakusanyaji tunalijua vizuri sana jonzi hilo.

Nitaanza na kilichoizaa bendi hii, kwa maana nadhani kilichoizaa ndicho kilichokuja kuikausha. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa nchi yenye fedha. Shaba ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yake ya nje, na katika miji ya Ukanda wa Shaba, yaani Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya, kulikuwa na maelfu ya watu waliopokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Palipo na mshahara wa mwisho wa mwezi pana ukumbi wa dansi, pana baa, na pana duka la santuri. Wazungu walioajiriwa migodini walikuja na sahani za Rolling Stones, Jimi Hendrix, Deep Purple na Black Sabbath, na sahani hizo hazikukaa ndani ya nyumba zao tu. Vijana wa shule za sekondari walizisikia, wakaziazima, wakazinakili kwa masikio. Kwa hiyo waliposhika vyombo, walianza kwa kupiga nyimbo za wengine katika madansi ya shule, kama walivyofanya vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wa umri wao.

Jina Jagari lenyewe linaeleza habari nzima: ni Mick Jagger aliyepewa irabu mwishoni akawa Mbantu. Pamoja naye walikuwapo Chris Mbewe aliyeitwa Kims katika gitaa la solo, John Muma katika gitaa la pili, Gedeon Mwamulenga aliyejiita Giddy King katika besi, na Boidi Sinkala, maarufu kwa jina la Star MacBoyd, katika dramu. Jina la bendi kwa Kiingereza ni mchawi, lakini wao walilieleza kuwa ni herufi za mwanzo za maneno yanayomaanisha "tunakusudia kuzusha tafrani". Jagari amesimulia mara nyingi jinsi maonyesho yao yalivyokuwa yakianza jioni na kumalizika baada ya saa sita za usiku, na jinsi polisi walivyolazimika kutumia mabomu ya machozi kuwatawanya waliobaki nje ukumbi ukishajaa. Tafrani waliyoiahidi waliileta.

Kisha kuna mkono wa serikali. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alipiga gitaa na kuimba hadharani, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia. Tazameni jinsi amri moja inavyoweza kuzaa matunda tofauti kulingana na udongo inaoangukia. Tanzania nayo ilibana muziki wa kigeni redioni, na udongo wake ulikuwa umejaa bendi za dansi zenye tarumbeta na magitaa laini, kwa hiyo tukapata miaka mizuri ya dansi. Amri ya Kaunda ilikuta vijana wenye kanyagio za kukwaruza sauti ya gitaa, na redio ya taifa ikajikuta ikitangaza roki kwa jina la utamaduni wa nyumbani. Aliyeubatiza muziki huo jina la Zamrock ni mtangazaji Manasseh Phiri. WITCH hawakuwa peke yao: walikuwapo Amanaz, Rikki Ililonga, Keith Mlevhu, Paul Ngozi na wengineo, ila WITCH ndio waliotangulia kwa kutoa albamu na ndio waliojaza kumbi.

Mji wangu nao una sehemu katika habari hii, na naomba radhi nikijisifia kidogo. Zambia mwanzoni haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo sahani nyingi za Zamrock zilichapwa hapa Nairobi. Bendi ya Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga iliishi na kupiga hapa, na albamu yake ya "Wings of Africa" ilirekodiwa hapa hapa. Njia hiyo ilipitika pande zote mbili, kwa maana Sunburst, bendi ya Dar es Salaam yenye mchanganyiko wa roki na midundo ya Kiafrika, ilivuka mpaka na kurekodi "Ave Africa" nchini Zambia mwaka 1976. Mzee wako aliyekuwa akivusha santuri kwa treni alikuwa sehemu ya biashara hiyo bila kujua.

Kuhusu albamu: kati ya mwaka 1972 na 1977 WITCH walitoa tano wakiwa na Jagari, na mbili za mwanzo walizigharimia wenyewe, wakaziuza kwa mikono yao. Anza na "Lazy Bones!!", kwa kuwa ndiyo nzito kuliko zote na jalada lake tayari unalo. Kisha rudi nyuma kwenye "Introduction" na "In the Past" uone walivyokuwa wangali wanajifunza hadharani, maana katika ile ya kwanza gitaa linakimbia na dramu inajaribu kulikamata. Baada ya hapo nenda mbele kwenye "Lukombo Vibes" na "Including Janet".

Swali la kufa kwao nawaachia wengine kwanza.

Mama Tunduma anajibu:

Mwanangu Mwana wa Reli, mimi si mkusanyaji wa santuri na sijui majina ya kanyagio, lakini nilikaa Kitwe kwa mjomba wangu nikiwa msichana, na nitakueleza nilichokiona.

Mjomba alikuwa karani wa mgodi. Watu wa nje huzungumza juu ya bei ya shaba kama habari ya magazeti, lakini katika nyumba ya mgodini ilikuwa ni habari ya sufuria. Aprili 1974 bei ya shaba katika soko la London ilifika juu kuliko ilivyowahi kufika, na kabla ya mwaka ule kwisha ilikuwa imeanguka chini ya nusu yake. Haikupanda tena kwa namna ya kutuokoa. Tazama sasa tarehe za albamu alizozitaja Ndugu Santuri: "In the Past" ni ya mwaka 1974, "Lazy Bones!!" ni ya mwaka 1975. Bendi ilikuwa inapanda ngazi wakati ukuta uliokuwa umeishika ngazi hiyo umeanza kubomoka.

Bendi ya magitaa ya umeme hula fedha za kigeni. Nyuzi za gitaa hutoka nje, taa za vikuza sauti hutoka nje, spika ikipasuka hutoka nje, na kanda ya kurekodia hutoka nje. Nchi ikianza kugawa fedha za kigeni kwa kibaba, dawa na mafuta vikitangulizwa, nani atampa kijana wa roki kibali cha kuagiza nyuzi? Ilifika mahali ambapo katika duka uliweza kukuta rafu ndefu yenye aina moja tu ya bidhaa, na ilikuwa bidhaa usiyoihitaji.

Jambo la pili ni vita. Zambia ilikuwa nyumba ya wapigania uhuru wa nchi jirani, jambo ambalo Watanzania tunalielewa bila kuelezwa. Januari 1973 mpaka na Rhodesia ulifungwa, na bidhaa zilizokuwa zikipita kusini zikalazimika kutafuta njia ya Dar es Salaam, yaani njia hiyo hiyo ya barabara na reli aliyoifanyia kazi baba yako. Kisha katika miaka ya mwishoni mwa muongo huo mashambulizi yakaanza kuingia ndani ya nchi yenyewe. Tukapata amri za kutotoka usiku na amri za kuzima taa. Hapa ndipo ninapotaka mtulie kidogo, kwa sababu wanaume wakizungumza juu ya bendi huzungumza juu ya magitaa na kusahau saa. Muziki ule ulikuwa wa usiku. Mchimbaji alitoka zamu, akaoga, akavaa suruali yake pana, akaenda ukumbini, akarudi alfajiri. Ukimwambia awe nyumbani kabla ya giza, ukumbi unabaki na viti. Bendi zilijaribu kupiga mchana na alasiri, saa za kunywa chai, na mimi nilikwenda mara moja kwenye dansi la namna hiyo kwa sababu la usiku mjomba alikuwa amenikataza kabisa. Jua linaingia madirishani, watoto wanachungulia mlangoni, na vijana jukwaani wamevaa viatu virefu na miwani myeusi. Walipiga vizuri. Lakini uliweza kuona vumbi juu ya spika, na sijui niseme vipi, muziki wa namna ile haupendi kuonekana vumbi lake.

Sasa nirudi kwenye Msondo yako. Msondo ilianza mwaka 1964 ikiwa NUTA Jazz, yaani bendi ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya chama, mishahara ilitoka kwa chama, na mwimbaji akiondoka chama kilitafuta mwingine, kwa maana nyumba ilikuwa ya chama na wanamuziki walikuwa wapangaji. Bendi nyingi zetu zilikuwa hivyo: za jeshi, za vijana, za viwanda, za kampuni ya mabasi. WITCH waliishi kwa kiingilio cha mlangoni. Kwa hiyo Gurumo alipoondoka Msondo, kilichopungua ni sauti. Jagari alipoondoka WITCH, tayari kulikuwa hakuna kiingilio, hakuna nyuzi na hakuna usiku. Kama mimi ningekuwa mke wake ningemwambia vile vile: nenda kasomee ualimu, mwisho wa mwezi una tarehe.

Mwalimu Mstaafu (Songea) anajibu:

Nimesoma maelezo ya Mama Tunduma kwa furaha kubwa, na sehemu ya taa na saa sijawahi kuisoma mahali pengine ikielezwa hivyo. Hata hivyo naomba kutofautiana naye kwa heshima katika jambo moja.

Ikiwa shaba na vita ndivyo vilivyoizima WITCH, kwa nini havikumzima Paul Ngozi kwa kasi ile ile? Mtu huyu aliishi katika nchi hiyo hiyo, chini ya amri hizo hizo, akitumia nyuzi hizo hizo za kubahatisha, na aliendelea kurekodi na kupendwa hadi alipofariki mwaka 1989. Jibu langu ni lugha. WITCH waliimba kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, na mambo waliyoyaimba yalikuwa ya kijana aliyesoma: mapenzi yake, mawazo yake, kuchoka kwake, uhuru wake wa moyo. Paul Ngozi aliimba kwa Kinyanja juu ya mume mlevi, juu ya mke na shemeji, juu ya njaa ya nyumbani. Siku za neema kijana wa sekondari anaweza kujaza ukumbi. Siku za dhiki, anayebaki na senti ya kununua santuri ni yule anayetaka kusikia habari zake mwenyewe kwa lugha ya mama yake.

Kwa wale wasiomfahamu, wasidanganyike na jina. Kwetu ngozi ni ile ya ng'ombe na ya mwili. Kwa Kinyanja ngozi ni ajali, ni hatari. Ana wimbo uitwao "Nizakupanga Ngozi", ambao msemaji wa Kiswahili wa mtaani akiusikiliza vizuri ataona karibu anauelewa: nitakufanyizia balaa. Sisi na wao tumetengana kwa mpaka tu.

Santuri Kuukuu (Nairobi) anajibu:

Mwalimu, hoja yako ina nguvu, ila imekaza mno upande mmoja. Albamu za mwisho za kipindi cha Jagari zina nyimbo za lugha za nyumbani, na mdundo wake unaanza kuegemea kwenye ngoma za kwao. Kwa hiyo wao pia waliuona mwelekeo ulipokuwa unakwenda. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Paul Ngozi alikuwa jina la mtu. Angeweza kubadilisha wapigaji kila mwaka na bado mabango yakabaki vile vile. WITCH walikuwa kundi la marafiki wenye chapa moja, na chapa ya kundi huchakaa wakianza kuondoka mmoja mmoja.

Tena WITCH hawakufa mwaka 1977, na hilo ndilo kosa dogo katika swali la Ndugu Mwana wa Reli. Jina liliendelea. Baada ya Jagari kuingia katika ualimu, bendi iliendelea kwa safu mpya, Patrick Mwondela akiwa katika vinanda, ikatoa "Movin' On" mwaka 1980 na "Kuomboka" mwaka 1984. Nimezisikiliza zote mbili. Ni disko safi, iliyopangwa vizuri, yenye besi ya kurukaruka na vinanda vinavyong'aa, na kama ungeificha lebo nisingekuambia kamwe kwamba hawa ni watu wa "Lazy Bones!!". Kuna wakusanyaji wanaozidharau. Mimi sizidharau, maana walipiga kile ambacho ukumbi wa wakati ule ulitaka, na disko ilihitaji vyombo vichache, au ilihitaji mtu mmoja tu mwenye sahani mbili. Hapo ndipo bendi nyingi za Afrika zilipopata mshindani asiyekula, asiyelala hotelini na asiyedai nauli. "Kuomboka", kwa wasiojua, ni jina la sherehe ya Walozi ambapo mfalme wao, Litunga, huhama kutoka bonde la mafuriko kwenda nchi ya juu. Maana yake ni kutoka majini. Sijui kama walilichagua jina hilo kwa uchungu au kwa matumaini.

Ongezeni hapo kanda. Kaseti ilipoenea, mtu mmoja alinunua santuri na mtaa mzima ukapata nakala. Wengi wetu humu tulijifunza muziki kwa nakala za namna hiyo, kwa hiyo sitahubiri, lakini mwanamuziki aliyekuwa akitegemea mauzo hakuona chochote.

Muuguzi wa Zamu (Lusaka) anajibu:

Wapendwa, mimi ni Mkenya ninayefanya kazi Lusaka, na nimekuwa nikiufuata mjadala huu kimya. Kuna jambo ambalo hamjalitaja, na nadhani mnalijua.

Baada ya shaba, vita, disko na kaseti, ulikuja ukimwi. Katika miaka ya 1980 na 1990 uliikumba Zambia kwa ukali, na uliwachukua hasa watu wa umri ule ule waliokuwa vijana wa Zamrock. Wenzake Jagari wa safu ile ya kwanza wote wamefariki, wengi wao kwa ugonjwa huo. Ndiyo maana historia ya bendi hii inasimuliwa karibu yote na mtu mmoja. Mnaposema Jagari amesimulia hiki na Jagari amesimulia kile, kumbukeni kwamba hayupo mwingine wa safu ile wa kumsahihisha wala wa kumkumbusha. Mpiga solo hayupo wa kutueleza alipataje ile sauti. Mpiga dramu hayupo.

Ndugu Santuri amemtaja Manasseh Phiri, mtangazaji aliyeupa muziki huu jina. Huyo huyo alikuwa daktari, na katika sehemu ya pili ya maisha yake alikuwa miongoni mwa sauti zilizosikika zaidi Zambia katika mapambano dhidi ya ukimwi, akiandika na kuzungumza kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 2019. Wagonjwa wangu wa umri mkubwa wanamkumbuka kwa hilo la pili. Nilipomwambia mzee mmoja wodini kwamba ndiye aliyeliunda neno Zamrock, alicheka hadi nikamwomba anyamaze kwa ajili ya kifua chake, kisha akaniimbia kipande cha wimbo wa WITCH ambacho sikukielewa.

Kuhusu Jagari mwenyewe: alifundisha muziki katika Chuo cha Evelyn Hone hapa Lusaka, na baadaye maisha yakampeleka kwenye uchimbaji wa vito. Kwa miaka mingi hapa mjini angeweza kupita barabarani bila kijana yeyote kugeuka.

Santuri Kuukuu (Nairobi) anajibu:

Ahsante sana, dada Muuguzi. Nilikuwa naikwepa sehemu hiyo.

Nimalizie basi sehemu ya kurudi, kwa sababu ipo, na ilianzia mbali na nyumbani. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walianza kuzitafuta sahani za Zamrock na kulipa fedha ambazo mchapaji wa Nairobi wa mwaka 1975 asingeziamini. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Marekani ilizikusanya albamu za WITCH na kuzitoa upya katika sanduku moja, na miaka michache iliyofuata Jagari, mtu mzima wa zaidi ya miaka 60, alikuwa jukwaani Ulaya na Marekani mbele ya vijana waliokuwa hawajazaliwa bendi ilipozimika. Mtengenezaji filamu Mwitaliano Gio Arlotta alimfuata kwa kamera, na filamu hiyo ilitoka mwaka 2019. Kisha mwaka 2023 ikatoka "Zango", albamu ya kwanza ya WITCH tangu "Kuomboka", iliyorekodiwa Lusaka. Patrick Mwondela yumo katika vinanda, Sampa the Great anaimba kama mgeni, na wanamuziki wengine ni wapya, baadhi yao Wazungu wa Uholanzi. Nakubali kwamba ni bendi nyingine yenye jina lile lile. Lakini sauti ya Jagari ni ile ile, imepata mikwaruzo tu.

Na Mwalimu, utafurahi: yule Paul Ngozi wako naye amefufuka. Mwaka 2024 mwanamuziki wa Marekani Tyler, the Creator alikata kipande cha wimbo wa "Nizakupanga Ngozi" na kukitia ndani ya wimbo wake, kwa hiyo mamilioni ya vijana wasiojua Kinyanja wanatishiwa balaa kila siku bila kujua.

Mwalimu Mstaafu (Songea) anajibu:

Hilo limenichekesha kuliko inavyofaa kwa umri wangu. Hata hivyo nasimama na hoja yangu ya lugha.

Mama Tunduma anajibu:

Simama nayo, Mwalimu, ila kaa karibu na taa.

Mwana wa Reli (Mbeya) anajibu:

Wazee wangu na ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mama. Aliposikia habari ya dansi la alasiri alisema baba aliwahi kumsimulia kwamba Kapiri Mposhi kuna siku alikuta bendi inafunga vyombo vyake kabla ya magharibi, akadhani wamegombana na mwenye ukumbi. Sasa ameelewa.

Nimefuata mpangilio wa Ndugu Santuri. Nimemaliza albamu tano za Jagari na "Movin' On", na naona Mama Tunduma amenijibu swali langu kuliko nilivyoliuliza: nilikuwa nailinganisha bendi iliyokuwa na mwajiri na bendi iliyokuwa na mlango tu. Upande wa Mwalimu nimeuweka akiba, kwa sababu katika "Including Janet" nilijikuta nasogea karibu na spika kila lugha ilipobadilika.

Jambo la mwisho. Jana mama aliniambia nisitafute santuri ndani ya jalada lake, kwani baba alikuwa akisikiliza usiku gizani na kurudisha sahani katika jalada lolote lililokuwa karibu na mkono. Tumeipata. Ilikuwa ndani ya jalada la kwaya ya kanisani, imepinda ukingoni kwa joto la bati. Upande wa kwanza sindano inaruka. Upande wa pili unapiga wote.